Karibu Ndani, Utalowa

Rafiki yetu fundi baiskeli si mtu wa porojo, ndiyo maana tulimwamini.

Akiwa katikati ya safari ndefu ya baiskeli, dhoruba ilimkimbiza hadi kwenye ghala tupu. Akaikausha baiskeli yake kwa kitambaa, akaiegemeza ukutani, akatia komeo mlangoni. Wingu likaleta giza mchana kweupe. Mara nje kengele ya baiskeli ikalia, na mlio wa mnyororo ukawa unalizunguka ghala, taratibu.

“Karibu ndani, ndugu yangu, utalowa!” akaita.

Mlio wa mnyororo ukakoma.

Mvua ilipokatika alifungua komeo. Tope lote halikuwa na alama hata moja ya tairi. Akageuka achukue baiskeli yake. Ilikuwa palepale, inachuruzika maji, kiti kimepandishwa hadi usawa wa kifua chake. Akakigusa.

Kilikuwa na joto.