Sahani Mbili za Mama Ridhwan

Jirani zangu wa Mowlem, mnaijua ploti yetu ikifika magharibi: majiko yanawaka, watoto wanaitwa ndani, na kila mlango unanukia chakula chake. Mlango wa Kweyu pekee ndio haukunukia kitu.

Mkewe Everline alikuwa amekwenda Kakamega na mtoto wao Muhonja, kumuuguza mama yake Kweyu. Kweyu, mbeba magunia, akabaki peke yake. Kusonga ugali wa mtu mmoja alikataa. Alisema huo ni ugali wa mkiwa. Kila jioni alikunywa chai ya rangi, kali, akameza vidonge vya mgongo vya dukani, akalala. Mgongo ukatulia, tumbo likaanza: kiungulia, kisha moto chini ya kifua. Naye akaongeza vidonge vile vile. Nani angemkanya, na hasemi na mtu?

Mama Ridhwan wa mlango wa pili alimpelekea wali na maharagwe. Alikula, akaosha sahani. Lakini kwao, kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu, na hakuwa na cha kutia. Ya pili aliipokea kwa haya. Ya tatu ilipobisha, alijifanya hayupo. Iliniuma niliposikia, mtu kushinda njaa kwa sababu ya adabu.

Choo chake kikawa cheusi kama lami. Akajiambia ni mboga ya kunde. Kunde gani, naye hali kitu?

Jumamosi asubuhi Mama Ridhwan, kwa kutomwona, alisukuma mlango. Kweyu alikuwa sakafuni, midomo imempauka. Sahani mbili ziling'aa mezani.

"Nisamehe, Mama Ridhwan," alisema kwa shida. "Sikuwa na cha kuweka ndani."

"Sahani ninazo, Baba Muhonja. Mimi nilitaka ule."

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo vilivyovuja damu, na vile vidonge juu ya tumbo tupu ndivyo vilivyovichokoza. Akaongezewa damu, akapona.

Siku aliyorudi alizipeleka sahani, tupu, macho chini. Mama Ridhwan akaijaza moja palepale, akamwambia aketi ale.

FUNZO

Dawa za maumivu si chakula cha jioni. Usizimeze kila siku bila ushauri wa daktari. Kiungulia kisichoisha usikizoee, na ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mlango wa jirani ukinyamaza, bisha. Na sahani yake, ukikosa cha kutia, mrudishie tupu.