Vileja vya Mbwa wa Mjomba Dadi

Kila asubuhi, kabla watu wazima hawajaanza kugombania moto wa kupikia, Mwamvua alitwanga chakula cha mbwa. Alikuwa na kinu chake cha kando, kifupi na chenye ufa, ambacho hakuna mwanamke pale kisiwani angekubali kukitia mpunga wa watu. Ndani yake alitia wishwa, yale maganda laini yanayobaki mchele ukishatwangwa, akaongeza boga la kuchemsha na ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi na jua. Vikishashikana aliviringa vidonge bapa, akavipanga juu ya kigae cha chungu, akavifunika kwa kigae kingine na kupalia makaa juu na chini mpaka vikakauka na kuwa vigumu kabisa.

"Vileja vya mbwa hivyo!" Swalehe alimtania kila alipopita. "Sisi tunakula mizizi, mbwa wanakula vileja. Ipo siku nitabweka na mimi nipewe."

"Bweka basi, kaka Swalehe, tukusikie," Mwamvua alimjibu, na wote wawili walicheka kwa sauti ya chini. Mahali pale hakuna mtu aliyecheka kwa nguvu.

Mwamvua alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kwao kulikuwa karibu na Kibiti. Mwaka uliotangulia baba yake alikwenda na wenzake kupigana na Mdachi, yaani Mjerumani, akiwa amekunywa ile dawa ya maji na kuamini kwa moyo wote kwamba risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Waliorudi walikuwa wachache, na askari waliwafuata mpaka kijijini. Walimpiga baba yake risasi mlangoni pa ghala lake mwenyewe, wakachoma ghala na mpunga wote uliokuwemo, kisha wakazigeukia nyumba. Kikongwe mmoja alirudi ndani kuokoa mkeka, paa likamwangukia. Mwamvua aliyaona hayo yote akiwa amelala kwenye matete, mkono wa mjomba wake umemziba mdomo. Mama yake alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo Dadi, kaka wa mama, ndiye aliyebaki kuwa mzazi wake.

Sasa waliishi mafichoni kwenye mikoko ya delta, mbele ya Salale, wao na familia nyingine chache. Kiongozi wao alikuwa Sadallah, mtu mwenye sauti nzito na huruma ndogo. Upande wa juu wa kisiwa walikuwa wamelima shamba la mpunga, na mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Chakula kingine cha maana hawakuwa nacho. Nguruwe mwitu wangeingia mle usiku mmoja tu, watu wangekufa njaa, na waliowazuia nguruwe hao walikuwa mbwa watatu wa Dadi: Tabu, Pilipili na Mtoro.

Lakini mbwa hubweka, na askari walikuwa wakipita mkondoni kwa mashua kuwatafuta watu waliojificha. Hapo ndipo vileja vilipohitajika. Swalehe alikuwa mlinzi wa mkondo, na kila alipopiga mluzi mfupi, Dadi aliwapa mbwa kileja kimoja kimoja. Mbwa anayetafuna kitu kigumu habweki. Mashua zilikuwa zimekwisha pita mara kadhaa namna hiyo, karibu kiasi cha kusikia askari wakikohoa, na hakuna mbwa aliyeinua kichwa.

"Tumbo la mbwa si tumbo lako," Dadi alimwambia mpwa wake alipomkabidhi kazi hiyo. "Usimtilie kitunguu, wala pilipili, wala mwiba wa samaki. Kubwa kuliko yote ni chumvi. Chumvi inamkausha koo na kumchafua tumbo, na mbwa mwenye kiu hakai kimya. Hiyo ng'onda uiloweke kwenye maji matamu, umwage, uloweke tena, mpaka ukiionja usisikie chumvi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

Kuelewa kulikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa maji matamu. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha na maji ya chumvi yalikuwa yamerudi mkondoni. Kisima kilikuwa ng'ambo, kwenye tuta la mchanga, na Swalehe alivuka kwa mtumbwi kila alfajiri kuchota mitungi michache. Aliyemaliza fungu lake alishika kafi akavuka mwenyewe.

Siku moja Mwamvua alikuwa akichambua ng'onda, Tabu akaja akitikisa mkia na kumpitishia ulimi mkono mzima. Mate ya mbwa ni najisi, na Mwamvua alijua anavyopaswa kunawa: mara saba, mojawapo kwa udongo. Maji ya mkondo yangetosha, lakini mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kutwanga na chumvi iliiwasha. Akatazama huku na huku, akanawa kwa maji matamu. Alipomaliza, mtungi wa kulowekea ng'onda ulikuwa mtupu.

Alilitazama kafi lililoegemezwa kwenye mkoko. Jua lilikuwa kali na mikono ilimuuma. Akajiambia kwamba samaki ni samaki tu, mbwa watajua nini? Akaisuuza ng'onda kwenye maji ya mkondo, akaitwanga.

Jioni mjomba wake akauliza, "Ng'onda umeionja?"

"Nimeionja, Mjomba. Haina chumvi hata chembe."

"Ahsante, mama. Unanipunguzia kazi," Dadi akasema, akaenda zake kulala.

Asubuhi mbwa walirudi kutoka kulinda shamba, wakapewa vileja vyao, wakavitafuna kwa furaha. Muda si mrefu wakamaliza maji yote ya kwenye kigae chao, wakakilamba mpaka kikakauka. Pilipili akaanza kuchimba tope kwa pua. Tabu alihema, ulimi nje, akizunguka palepale. Mwamvua aliwaona, akajua ni chumvi. Alikuwa na nafasi ya kusema, na mjomba wake alikuwa karibu naye, anashona wavu. Hakusema.

Ndipo mluzi wa Swalehe ukasikika.

Watu walizima moto kwa tope, wakaingia majini mpaka shingoni, katikati ya mizizi ya mikoko, akina mama wamewakumbatia watoto. Dadi aliwatupia mbwa vileja. Mtoro na Pilipili wakalala na kuanza kutafuna. Tabu alikinusa chake, akakiacha, akakimbilia ukingoni mwa mkondo na kuanza kunywa yale maji ya chumvi kama aliyerukwa na akili. Mashua mbili zilikuwa zinakunja kona. Tabu akatapika, kisha akatoa mlio mrefu wa uchungu uliosikika kisiwa kizima.

Makafi ya mashua yakasimama.

Swalehe alitoka mafichoni mwake ameinama, akamrukia mbwa na kumshika mdomo. Bunduki ikalia. Risasi ilimpata shingoni, akaangukia magoti, mkono mmoja bado uko kwenye mdomo wa Tabu. Ya pili ilimpata kifuani na kumtupa chali. Kisha bunduki zote zikaanza kulia pamoja. Risasi zilipasua mizizi, vipande vya miti vikawarukia watu usoni, na mtu mmoja aliyekuwa jirani ya Mwamvua alichanika sikio, akauma kitambaa asipige kelele. Askari waliteremka, wakachoma vibanda na kuvunja kila chungu walichokiona. Mmoja alimchoma Swalehe kwa singe, kile kisu cha ncha ya bunduki, na Swalehe alikuwa amekwisha kufa. Mama yake, Bi Zamda, alikuwa majini hatua chache kutoka pale, akiona kila kitu, na hakutoa sauti kwa sababu mbele yake walikuwapo watoto wa wenzake.

Kilichowaokoa ni maji kupwa. Mkondo ulikuwa unapungua, na askari wakaogopa mashua zisije zikakwama matopeni. Wakaondoka wakiahidi kurudi.

Walimzika Swalehe kwenye tuta la mchanga. Wakarudi kisiwani. Sadallah ndiye aliyeanza. Alichomoa panga lake kiunoni.

"Mbwa hawa wamemuua kijana wetu," alisema. "Leo wanakwisha."

Mtoro alikuwa karibu naye. Panga likashuka mara moja shingoni, mbwa akaanguka bila hata kulia. Watoto wakapiga yowe. Damu ilimrukia Sadallah miguuni, naye hakuitazama, akamwendea Tabu.

Dadi alisimama katikati na kisu chake cha kuchunia nguruwe mkononi. "Mbwa wangu hawajawahi kubweka kwenye hatari. Ukimgusa mwingine, Sadallah, tutazikana."

"Basi tuzikane! Unathamini mbwa kuliko mtoto wa watu?"

"Nathamini mpunga! Nguruwe wakiingia shambani, utawalisha nini hawa wote? Panga lako?"

Sadallah alimsukuma. Dadi akateleza kwenye tope, akainuka na kumkata mwenzake mkono, si sana, lakini damu ikatoka. Panga likainuka juu ya kichwa cha Dadi. Hakuna mtu aliyesogea. Mwamvua aliona wazi kwamba kufumba na kufumbua mjomba wake atakuwa maiti, mzazi wake wa mwisho. Uwongo wake ulikuwa umekwisha ua mtu, na sasa ulikuwa unataka wa pili.

"Ni mimi!" alipiga kelele, akajitupa kati yao na kuukumbatia mguu wa Sadallah. "Baba Sadallah, usimpige! Mbwa hawana kosa! Sikuiloweka ng'onda. Nilinawa kwa maji yake, nikaisuuza mkondoni. Mjomba aliniuliza nikamwambia nimeionja. Sikuionja. Asubuhi niliwaona wana kiu nikanyamaza."

Panga lilibaki juu kitambo, kisha likateremka bila kumgusa mtu. Sadallah aliokota kileja ambacho Tabu alikuwa amekiacha, akamega ukingo ambao haujaguswa, akauweka ulimini. Akatema mate kwa hasira. "Chumvi tupu!"

Dadi aliangusha kisu. Alimtazama mpwa wake kama mtu asiyemjua, na hilo lilimuumiza Mwamvua kuliko kofi lolote. Sadallah aliinua mkono wake wenye damu ili ampige mtoto, lakini mkono mwingine uliudaka. Ulikuwa wa Bi Zamda. Nguo yake bado ilikuwa na mchanga wa kaburi.

"Umekwisha mwaga damu ya kutosha leo, Sadallah," alisema. "Weka panga chini. Wapeni mbwa maji."

"Maji gani, Bi Zamda? Mitungi yote wameivunja."

"Upo mmoja. Niliuficha kwenye mizizi."

Mwenyewe akaenda kuuleta. Tabu na Pilipili walikunywa mpaka matumbo yakajaa, wakalala.

Tangu siku hiyo Mwamvua alivuka kwenda kisimani kila alfajiri. Hakuna aliyemtuma. Viganja vyake viliota malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Aliloweka ng'onda, akamwaga, akaloweka tena. Dadi hakumsemesha sana siku zile, ila usiku ambao nguruwe walivamia shamba na mbwa wawili wakapambana nao mpaka nguruwe dume mmoja akachanwa tumbo, alimwita mpwa wake wamfunge Pilipili jeraha pamoja.

Askari walirudi kama walivyoahidi. Watu wakaingia tena majini. Safari hii Bi Zamda alikuja kukaa karibu na Mwamvua, akamshika mkono chini ya maji. Mashua zilipita taratibu, karibu sana, bunduki zimeelekezwa kwenye mikoko. Ndani ya mikoko mbwa wawili walilala kimya, kila mmoja ameshikilia kileja chake kwa miguu ya mbele, wanatafuna. Mashua zikapita, zikaenda, zikapotea.

Bi Zamda alimtoa Mwamvua majini akamfunika kwa kaniki yake.

"Sikiliza nikwambie, mwanangu, na usilie kabla sijamaliza," alisema. "Aliyemuua Swalehe ni yule aliyelenga bunduki, na aliyemtuma. Damu ile ni juu yao, usije ukaibeba wewe. Lakini uwongo ulikuwa wako. Mjomba wako alikuuliza, akakuamini, akaenda kulala, na sisi sote tukalala kwa kulitegemea neno lako. Mtu akikupa kazi ambayo yeye hawezi kuikagua, amekupa na uhai wake uushike. Ifanye kama anakutazama. Na ukikosea, sema palepale, hata kama unaogopa kupigwa. Kosa lako lilipokuwa jipya, dawa yake ilikuwa mtungi mmoja wa maji."

Akaivuta kaniki na kumfunika Mwamvua mabega.

"Mtungi mmoja tu, Mwamvua. Ningekuchotea mimi mwenyewe."

Mwamvua alilia sasa, naye Bi Zamda alilia pamoja naye, kwa sauti ya chini, jinsi walivyozoea kulia pale. Kisha Bi Zamda akajifuta uso, akachukua kafi.

"Twende kisimani," alisema. "Mpunga utakatwa wiki hii, na mbwa hawana maji."