Mpangaji wa Chumba cha Pili

"Na mswaki pia?" Fébronie aliuliza, kasimama mlangoni mwa bafu.

"Babe, ni wiki tatu tu. Mama akienda kwa kaka yangu Mogaka kule Cedar Hill, unarudi chumbani kwetu."

"Na hizo wiki tatu mimi ni nani?"

Lydiah hakumtazama. Alikuwa anatoa nguo za mwenzake kabatini na kuzipeleka chumba cha pili, kile walichozoea kurundika masanduku.

"Roommate," alisema. "Tunagawana kodi tu."

Fébronie alicheka kwa uchungu, akachukua mswaki wake. Miaka minne walilala kitanda kimoja hapa Oak Lawn, mtaa wa Dallas ambako wanaume wawili hushikana mikono wakienda kununua mkate na hakuna anayegeuza shingo. Lakini Lydiah, nesi mzima asiyetetemeka hata mgonjwa anapokata roho, alikuwa anatetemeshwa na mama mmoja kutoka Kisii.

Na mama mwenyewe alikuja na upole wake wote, jambo lililoharibu mambo zaidi. Alimpenda Fébronie tangu siku ya kwanza. Mrundi huyu aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania alimpikia maharage yakamkolea, akamkanda miguu iliyovimba kwa safari ya ndege. Basi kila wakiketi mezani, Mama aliomba kwa sauti:

"Na huyu roommate, Bwana, mpe mume anayekucha."

"Amina," Lydiah aliitika, macho kwenye sahani.

Hiyo amina ilimkata Fébronie maini. Wiki ya pili, Ijumaa, akiwa hotelini anakokunja mashuka, alituma ujumbe: "Nimeongea na Fanny wa ghorofa ya chini. Nipigie."

Fanny alikuwa bibi wa Kimarekani aliyehamia mtaa huu zamani, wakati vijana wa hapa wakifa kwa ukimwi na ndugu zao wakiogopa hata kuwagusa. Lydiah alipiga mara moja.

"Amesemaje?"

"Amesema kijana akifa, wazazi walikuwa wanakuja kuchukua mwili. Yule mpenzi aliyemwogesha na kumlisha mtoto wao, wakaambiwa ni roommate. Kanisani akakaa nyuma kabisa, analia kama mtu asiyehusika."

"Feb, tafadhali..."

"Miye sitaki kukaa nyuma, Lydiah. Kesho watu wa kanisa wakija, nitapika, nitawakaribisha. Ila ukiniita roommate mbele yao, nahamia Euless kwa dada yangu Jeannette. Na sirudi."

Akakata simu.

Wakenya wa Dallas wana desturi yao. Mzazi wa mtu akija kutoka nyumbani Kenya, kundi zima la maombi huja kumwona, na hotipoti za pilau na chapati, na kila mtu husimama akajitambulisha. Jumamosi sebule ilijaa hadi watu wakakalia mikono ya makochi. Fébronie hakuketi hata dakika moja. Begi lake lilikuwa tayari kitandani. Lydiah alikuwa ameliona.

"Roommate, hatuna sukari huku!" aliita Immaculate, kiongozi wa kundi. "Haya, wenyeji. Lydiah, anza."

Lydiah alisimama.

"Bwana asifiwe. Naitwa Lydiah Moraa. Na huyu..." Alimtazama Fébronie, aliyekuwa na birika mkononi. "Huyu ni Fébronie. Si roommate. Ni mpenzi wangu, na hapa ni kwake kama ni kwangu. Nimewadanganya ninyi, nimemdanganya Mama, na yeye nimemwaibisha nyumbani kwake."

Ajabu, kila mtu akakumbuka ana shift kazini. Hotipoti zilifunikwa, funguo za magari zikatafutwa. Immaculate alitoka wa mwisho, bila kuomba ile sala ya kufunga ambayo huwa hamwachii mtu.

Wakabaki watatu.

"Moraa," Mama alisema. "Nimemwombea huyu mtoto mume kila siku, na wewe unaitika amina?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya Mungu?"

Lydiah alianza kulia. "Niliogopa utanikataa."

"Mimi hii kitu sielewi. Nisikudanganye. Na baba yako sijui nitamwambia nini. Lakini mtu amenikanda miguu, na wewe unamficha kama mwizi? Hiyo sikukufundisha."

Akamgeukia Fébronie.

"Weka hiyo birika chini. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Kwenu wanajua?"

"Mama yangu alifia kambini. Sikuwahi kumwambia."

Macho yalimlowa Mama. Kisha akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Basi njoo ukae hapa."

Fébronie alikaa. Mama alimshika mkono, akapaza sauti kuelekea jikoni, ambako Lydiah alikuwa amekimbilia kujifuta machozi:

"Moraa! Leta sahani mbili. Sisi tuna njaa."