Sentensi ya Kumi na Mbili

Asubuhi ya Idi ya kuchinja, jengo zima katika mji wa Constantine lilinuka manyoya yanayoungua. Kila roshani ilikuwa na mwanamke na mtungi wake mdogo wa gesi, anababua kichwa cha kondoo, na Zoulikha wa ghorofa ya tatu hakukubali kuachwa nyuma. Upepo ukamrudishia moshi wake ndani. Ukumbini, juu darini, kisahani cheupe kikapiga kelele, kisha kikasema kwa sauti ya binti yake, "Moshi ukumbini. Tokeni nje."

"Tulia, mwanangu, ni kichwa cha kondoo tu!" Zoulikha akakijibu. Feriel, binti mwenye sauti ile, alicheka huko jikoni mpaka akaangusha kisu.

Kisahani kile kilikuwa kazi ya Nadhir, kaka yake Feriel. Nadhir alikuwa fundi wa ving'ora, na hiki alikibuni mwenyewe. Hakikuwa na waya hata mmoja. Kikinusa moshi au mwizi kilipiga simu za watu wote wa nyumba, hata wawe mji mwingine, na kilisema kwa lugha ya nyumbani badala ya kulia tu kama kifaranga. Sauti alimwomba dada yake. Walirekodi mchana mmoja, Feriel akiwa amejitwika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie.

"Kaka, sentensi hizi kumi na moja tu? Niongeze ya kumi na mbili, niwaamkie wateja wako?"

"Wateja wanataka kuokolewa, hawataki salamu. Soma!"

Asubuhi ile kililia mara tatu. Kabla hakijalia ya nne, Zoulikha alipanda kiti, akakivisha mfuko wa plastiki na kuufunga kwa mpira. Nitautoa nikimaliza, alijiambia. Akamaliza. Wageni wakaja, nyama ikagawiwa, miguu ikauma, akalala.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, alitoka na Nadhir kwenda kuwaamkia ndugu. Feriel alibaki, kichwa kinamuuma, akalala. Chumba cha pili palikuwa na friza iliyoshindiliwa nyama, imechomekwa kwenye waya mwembamba. Waya ukaungua polepole. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, majirani waliuzima kwa ndoo mbili. Moshi ndio uliomaliza kazi. Simu ya Zoulikha haikulia. Ya Nadhir haikulia.

Zoulikha alifika wakati Feriel anatolewa chumbani, mkono mmoja ukining'inia. Watu wote walimkimbilia binti. Macho ya mama yakapanda darini. Mfuko ulikuwa pale pale, na Nadhir alikuwa bado kwenye ngazi, anapanda. Zoulikha akashika ufagio, akaudondosha mfuko, akauficha kifuani. Mwanawe amelazwa sakafuni, naye mikono yake ilikuwa na shughuli hiyo. Tangu saa ile hakuweza tena kuitazama mikono yake.

Baada ya mazishi Nadhir alikishusha kisahani, akakipima kwa moshi wa sigara. Kikalia mara moja. Akakipima kesho yake, na keshokutwa, kisha akakirudisha darini, akitaka kukikamata siku kitakapokosea. "Nimemuua kwa mikono yangu," akawa anasema. Alifunga karakana. Akaacha kula. Zoulikha alimwona anavyokwisha, na kila siku alifungua kinywa aseme, na kila siku kikatoka kitu kingine: kunywa supu, mwanangu.

"Shoga, una neno wewe," jirani yake Baya akamwambia. "Mficha uchi hazai."

"Neno gani? Nimefiwa."

Siku ya ishirini tangu mazishi, baada ya alasiri, kisahani kikasema, "Mlango umefunguliwa." Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kesho yake, saa ile ile, "Kuna mtu ndani." Zoulikha alikuwa peke yake. Nywele zilimsimama, lakini hakukimbia. Ilikuwa sauti ya mwanawe, angeikimbia aende wapi? Ikawa kila alasiri anaweka kiti ukumbini, anangoja.

Siku ya thelathini na tano sauti ilibadilika. Ilififia. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema na kitu kimemziba mdomo.

"Nimefunikwa."

Baya alikuwa ameleta mkate. Ukamponyoka.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Sijasikia kitu," alisema Zoulikha, akainama kuokota mkate.

Siku ya arobaini walipika kuskusi ya sadaka kwa maskini, watu wakala, wakasoma hitima, wakaondoka. Nadhir alibaki ameketi ukumbini, mashavu yamebonyea.

"Nimefunikwa."

Akasimama. "Hiyo sikuirekodi."

Akapanda kiti, akakishusha, akatoa betri. Akaziweka mezani.

"Nimefunikwa," kikasema mkononi mwake.

Akafungua kompyuta, akahesabu sentensi. Kumi na moja. Akahesabu tena. Kumi na moja.

"Mama," akanong'ona. "Ni udongo. Amefunikwa na udongo. Tumemzika mzima."

"Hapana, mwanangu."

"Daktari alimtazama dakika mbili! Anatuita, Mama! Siku zote hizi anatuita!"

Alishuka ngazi mbiombio. Chini, kwa mlinzi, palikuwa na koleo. Akalichukua. Makaburi hayakuwa mbali. Zoulikha akamfuata, hana viatu, hana shela, akamfikia kwenye lango la jengo na kulishika koleo kwa mikono miwili.

"Si udongo," akasema. "Ni mimi."

Akaingiza mkono kifuani, akautoa mfuko. Alikuwa ameubeba siku zote hizo, na mpira wake.

"Kichwa cha kondoo kilikuwa kinafuka moshi. Nikakifunika kisahani. Nikasahau."

Nadhir aliutazama mfuko. Akaliegemeza koleo ukutani, taratibu.

"Siku arobaini, Mama," alisema. "Unaniangalia najiita muuaji, unanipa supu."

Akaondoka. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Na kisahani kikanyamaza. Zoulikha alikirudisha darini mwenyewe, akamsihi Baya amsaidie kushika kiti. Alasiri ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wiki mbili zikapita. Alikuwa amepoteza binti, akapoteza mwana, na sasa hata sauti imemkimbia. Moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Sema, mama," alikibembeleza. "Mimi nimeshasema. Na wewe sema."

Kimya.

Basi siku moja, akiwa peke yake, alipanda kiti. Kama kufunikwa ndiko kulikomtoa sauti, afanyeje? Akakifunika kwa kiganja chake. Akangoja.

Hakuna neno.

Kisha pumzi. Ndogo. Ya moto. Ilimgusa kiganjani, ikavutwa ndani. Ikamgusa tena.

"Feriel," akanong'ona, machozi yanamtiririka kwa furaha, akaukaza mkono asiipoteze.

Pumzi ikaenda mbio. Ikawa fupi. Ikawa fupi zaidi.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anafanya. Akauchomoa mkono. Juu darini hapakuwa na sauti, hapakuwa na pumzi.

Baya alimkuta ameketi sakafuni, kiganja wazi. Katikati palikuwa na duara jeusi la masizi, ukubwa wa mdomo wa mtu. Walisugua kwa sabuni. Wakasugua kwa limau, kwa jivu, mpaka ngozi ikatoka damu. Halikufutika, na mpaka leo halijafutika.

Baya aliushika mkono ule, akalia.

"Shoga, hili ni busu. Kakusamehe mwanao."

Zoulikha akakiinua kiganja kwenye mwanga.

"Busu," akasema, "halipanui mdomo hivi."