Abiria wa Kitanda cha Pili

Abiria ambaye hakuwepo duniani alikuwa ameomba chakula kisichotiwa chumvi.

Bingwa aliisoma fomu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaisoma tena. Ofisini walimwita Bingwa kwa sababu hakuna wakala aliyeuza safari nyingi za meli kama yeye, na jina lilimkaa mpaka bosi akasahau lile la kwenye mkataba. Fomu hii aliijaza mwenyewe wiki iliyopita, na mstari wa chakula aliuacha wazi. Sasa ulikuwa na maandishi: abiria wa pili hatumii chumvi.

"We Redio," aliita kwa sauti ya chini. Redio ni jirani yake wa meza, mwanamke ambaye hajanyamaza tangu aajiriwe. "Umeigusa safari ya mama yangu?"

"Niiguse ya nini? Za kwangu zenyewe zimenishinda."

"Kuna mtu kaandika chakula cha Msindikizaji."

Redio alicheka. "Basi kaona njaa, masikini. Miaka yote hii tunamsafirisha tumbo tupu!"

Msindikizaji, ili usipotee njiani, ni mzaha wa kazi ile. Meli za matembezi zinapenda watu wawili wawili. Ukienda peke yako, mashine ya kukatia nafasi inakufungia vyumba vyote vizuri, inakuachia vile vya chini kabisa visivyo na dirisha, ambamo unalala na injini sikioni. Mawakala nao si wa kulala. Humwandika mtu wa pili wa uongo, chumba kinafunguka, halafu asubuhi ya safari wanapiga simu bandarini kusema jamani, mwenzake kaugua. Kila wakala ana mgonjwa wake. Wa Bingwa aliitwa Msindikizaji, na alikuwa ameshaugua kuliko wodi nzima.

Tatizo ni kwamba mama yake hakumtaka Msindikizaji. Alimtaka mwanawe. Siku alipozikwa baba, Bingwa alimshika mama mabega akamwambia, "Tutasafiri, mama, mimi na wewe, tukaone bahari." Maneno ya msibani watu huyasema ili machozi yakauke, lakini mama aliyashika. Akangoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini akichechemea, bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba wake mapajani.

Bingwa alimhudumia vizuri, hilo halina ubishi. Alimfungulia michoro ya meli tatu, sitaha kwa sitaha. Hii kubwa ina makelele, mama, utatembea mpaka magoti yaombe radhi. Chukua hii ya wastani. Chumba cha mbele kinarushwa na mawimbi, cha nyuma kinatetemeshwa na injini, cha katikati ndicho kinachotulia. Usikae chini ya ukumbi wa dansi. Usikae mbali na lifti. Hiki hapa sasa, kina roshani yake, asubuhi unavuta pazia na bahari yote ni yako.

"Kina vitanda vingapi?" mama aliuliza.

"Viwili."

"Kimoja changu, kingine chako."

"Mama." Bingwa hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Huu ndio msimu wenyewe. Siku kumi na nne nitazitoa wapi? Nitakuwekea mtu."

"Mtu gani?"

"Jina tu, mama. La kujazia."

Mama akawa anachezea kifungo cha mkoba. Mashine ilidai jinsia ya abiria wa pili, Bingwa akaweka mwanamke. Ilidai uhusiano, akaweka binti, maana mabinti hawaulizwi maswali. Ilidai tarehe ya kuzaliwa, na foleni nyuma ya mama ilikuwa na wateja watatu, basi akaandika iliyomjia haraka, yaani yake mwenyewe. Kosa lenyewe ndilo hilo, wala halikuchukua dakika.

Siku mbili baada ya habari ya chumvi, mama alipiga simu, mchangamfu ajabu. "Ahsante kwa jana, mwanangu. Nimelala usingizi wa kitoto."

"Jana kulikuwa na nini?"

"Si ulikuja?"

"Mama, jana nilikuwa kazini mpaka jioni."

Bingwa alisikia kiti kikivutwa huko kwa mama, na mama anaishi peke yake.

"Haya," mama alisema polepole. "Basi nimeota."

Mtu mwingine angetoka mbio palepale. Bingwa alijiambia uzee umeanza kupiga hodi, akaandika kwenye daftari kwamba mwezi ujao ampeleke mama hospitali, akamwita mteja anayefuata. Msimlaumu sana, nusu yetu tuko hivyo.

Wiki ile harufu ikaingia ofisini. Ilikuwa harufu ya mashuka yaliyokunjwa mabichi yakafungiwa sandukuni, na ilikuwa mezani kwa Bingwa tu. Redio akisogeza kiti chake hatua mbili, haipo. Alhamisi fomu ikabadilika tena: vitanda viwili viunganishwe viwe kimoja. Bingwa akampigia mama kumuuliza, na mama akashangaa. "Si wewe uliyesema? Ulisema meli ikiyumba utanishika mkono nilale."

Hapo ndipo aliposhika kompyuta kumfuta Msindikizaji. Mashine ikakataa. Abiria amekwisha kuthibitishwa, iliandika, na mahali pa picha, ambapo hajawahi kuweka kitu, palikuwa na picha. Ilikuwa picha yake yeye Bingwa, amevaa gauni asilolimiliki, anatabasamu kwa upole ambao hata mwenyewe hakuujua usoni mwake.

Alitoka saa nane mchana, jua likiwaka, hakuaga mtu. Akapanda ngazi za jengo analokaa mama, ghorofa ya tatu, na alipofika ya pili akasikia mama anacheka. Mama hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. Bingwa akaanza kutabasamu, akapanda haraka, na alipoukaribia mlango akasikia sauti nyingine ikimalizia kisa kilichomchekesha mama, kisa cha mtoto aliyejifungia kabatini akapitiwa na usingizi humo mpaka majirani wote wakatoka kumtafuta, na mtoto huyo alikuwa Bingwa, na sauti iliyokuwa ikisimulia ilikuwa yake, yake kabisa, na kile kimafua chake cha siku zote na ule mtindo wake wa kumeza neno la mwisho, ila haikuwa na haraka, na hilo ndilo lililomsimamisha pale, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuisikia sauti yake ikimwongelesha mama bila haraka. Mlango ulikuwa wazi upana wa kiganja, harufu ya mashuka mabichi inatoka humo nzito hadi machozi yakamlenga, akachungulia, akamwona mama amekaa chini kwenye zulia, macho amefumba, kichwa amekilaza kwenye mapaja ya mtu aliyeketi kwenye kochi, anasukwa nywele, na mikono iliyokuwa ikimsuka, ikipaka mafuta, ikichambua mvi moja moja kwa taratibu, ilikuwa na kovu la pasi ambalo Bingwa analo tangu shuleni, lakini yeye analo mkono wa kushoto na hapa lilikuwa wa kulia, na mikono ile iliendelea na kazi yake bila kukosea hata msuko mmoja, ilhali uso wa mwenye mikono, kule kwenye kivuli cha pazia, ulikuwa umeshageuka kitambo, unamtazama.

"Mama," alinong'ona.

Akakimbia. Nitasema ukweli kama ulivyo: alimwacha mama yake mle ndani na lile dude, akashuka ngazi tatu tatu mpaka barabarani.

Redio ndiye aliyempeleka kwa mganga, maana Redio anamjua kila mtu. Mganga alikuwa mtu mfupi asiyependa maneno mengi, chumba chake kiko nyuma ya kinyozi, mashine za kunyolea zinanguruma ukutani. Alimnusa Bingwa kuanzia begani mpaka kwenye mkoba, akakunja uso.

"Ni jini?" Bingwa aliuliza kwa mnong'ono.

"Ni jini. Wala hili halikuvunja mlango. Kuna mtu kaacha nafasi wazi, kaipa ujamaa, kaipa na siku ya kuzaliwa. Nani huyo?"

Bingwa akainamisha kichwa.

"Litoe, nakuomba."

"Nilitoeje kwenye nafasi yako? Nafasi yako unaikalia mwenyewe. Siku ya safari uwe bandarini kabla yake, umshike mama yako mkono, mpande wote wawili. Likikuta kitanda kina mwenyewe, litakwenda zake. Likipanda kabla yako, usinitafute."

"Siku zote kumi na nne?" Neno lilimponyoka tu.

Mganga akamtazama, kisha akamgeukia Redio. "Huyu mwenzako amekuja hapa kutaka nini?"

Hata hivyo Bingwa alifungasha. Haki yake tumpe. Aliomba likizo, akanunua kofia, akaoga maji ya dawa aliyopewa, na asubuhi ya safari akatoka na sanduku lake saa tatu nzima kabla ya meli kuondoka. Alitaka ampitie mama nyumbani, lakini alipopiga simu mama alisema ameshafika bandarini. Hakusema ameletwa na nani.

Akiwa njiani bosi akapiga. Kundi la wateja arobaini, vyumba vyao vimechanganywa, bibi kizee kawekwa na wanaume wasiomjua, na anayejua kulitatua hilo ni Bingwa peke yake. "Dakika kumi tu," bosi alibembeleza. "Nakuomba, Bingwa wangu."

Ofisi ilikuwa njiani. Alijiambia ana saa tatu, dakika kumi ni nini? Akashuka. Zile kumi zikazaa nyingine, kila chumba alichokipanga kikaharibu kingine, na alipoinua macho kutazama ukutani saa mbili na nusu zilikuwa zimekwenda.

Ukumbi wa bandari ulikuwa umebaki watu wachache. Mama alikuwa mwisho wa foleni, amevaa gauni jipya, nywele zimesukwa vizuri, na pembeni yake amesimama mwanamke aliyewapa watu mgongo, kambebea mkoba. Mama alipomwona Bingwa alimwambia mwanamke yule neno, akaja. Alikuwa hachechemei.

"Mama, usirudi pale," Bingwa alisema. "Yule si mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekuzaa, nitashindwaje kujua?" Mama alimnyoosha kola ya shati. "Nilijua siku ya kwanza. Aliingia, akakaa, hakutazama simu hata mara moja. Nikasema, huyu si mwanangu."

"Mama, lile ni jini!"

"Ni jini. Punguza sauti, watu wanasikia." Mama alikuwa anaogopa, usidhani haogopi. "Nilimuuliza anataka nini. Akasema kile kitanda. Nikamwambia kina mwenyewe, tumngoje. Basi tukakungoja. Tangu asubuhi tuko pale kwenye kile kiti, mimi na yeye, tunatazama mlango. Mara ya mwisho mimi nilisema twende. Yeye ndiye aliyesema tukungoje kidogo tena."

"Nimekuja sasa. Sanduku hili hapa! Twende."

"Ameshagongewa muhuri wa kupanda, mwanangu."

Mama hakuyasema kwa hasira, na afadhali angetukana. Bingwa akamshika mkono kama alivyoagizwa, akaukaza. Hapo simu ikaita mkononi mwake mwingine, naye akaitupia jicho. Hakuipokea, alitazama tu ni nani. Alipoinua uso mkono wake ulikuwa umeshika hewa, na mlango wa kupandia ulikuwa unafungwa.

Siku ya kumi na nne Bingwa alikuwa bandarini tangu alfajiri, simu ameizima, amekaa. Abiria wakashuka na kofia zao na ngozi zilizoungua jua, mpaka wakaisha. Akaenda dirishani kwa karani.

"Huyu mama hajashuka," karani alisema akisoma kompyuta. "Wameongeza safari, yeye na binti yake."

"Binti yake ni mimi."

Karani alimtazama, akatazama kompyuta, kisha akaigeuza ili naye aone. Sahihi ilikuwa yake, tarehe ya kuzaliwa yake, uso wake. "Mmefanana kweli," karani alisema kwa huruma. "Ninyi ni mapacha?"

Bingwa alilia pale dirishani bila kujificha. Karani alimhurumia, akapiga namba ya chumba, akampa mkono wa simu. Ikaita mara tatu. Ikapokewa na sauti yake mwenyewe, tulivu, na nyuma yake bahari inasikika kupitia mlango wa roshani.

"Nani mwenzangu?"

Bingwa akafungua kinywa. Alitafuta jina la kujitambulisha, na kila alilolishika lilikuwa limeshachukuliwa.

"Nani huyo?" mama aliuliza kwa mbali, kwa uchangamfu.

"Hasemi, mama."

"Basi kata," mama alisema, "uje ukae."