Kelele Iliyomficha Mzee

Mchoraji alifanyia kazi sebuleni kwake. Watu walimletea ramani za nyumba, naye akazigeuza kuwa picha kwenye kompyuta. Mtu aliiona nyumba yake kabla tofali la kwanza halijawekwa. Wengine walianza kugombania rangi ya jikoni siku hiyohiyo.

Kazi aliipenda. Kelele hakuipenda. Kila kompyuta ilipotengeneza picha kubwa, feni ndani yake ilivuma saa nzima, wakati mwingine saa tatu. Sebule ilipata joto kama jiko. Kuongea na mtu ilibidi upaze sauti.

Chumba cha pili alilala baba mkwe wake. Wote walimwita Mzee. Miezi minne nyuma alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na sauti ikapotea. Asubuhi mwanawe, mume wa Mchoraji, ambaye ni seremala, alimwogesha, kisha akaenda karakana. Mchana kutwa Mzee alikuwa mikononi mwa Mchoraji.

Jumatatu mchana Mchoraji alimpelekea uji. Kitanda kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa sakafuni, shavu juu ya saruji, nguo zimelowa.

"Baba! Umeanguka saa ngapi? Mbona sikusikia kitu?"

Mzee alimtazama tu. Machozi yalimtoka.

Jioni Seremala alisikia habari hiyo, akatoka nje na simu, akarudi. Kisha akasema, "Nimempigia dada. Jumamosi anakuja kumchukua."

"Kwa dada ni mbali, mume wangu. Mazoezi yake ya hospitali je?"

"Sasa tufanyeje? Ama kompyuta iondoke, ama Baba aondoke. Na kompyuta ndiyo inayotulisha."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mzee aligeuza uso ukutani.

Mchoraji aliona aibu. "Tatizo ni kelele," alisema. "Tukiondoa kelele, nitasikia chochote kinachotokea kule."

"Kelele? Hiyo niachie mimi."

Watu wa randa na msumeno huamini hakuna ugonjwa usiotibika kwa mbao. Siku mbili Seremala alitengeneza sanduku zuri kweli, lenye bawaba za shaba. Ndani alibandika sponji la godoro kuukuu. Jumatano alasiri waliingiza kompyuta, kioo chake kikabaki nje, wakafunga mlango wa sanduku. Mchoraji akaanzisha picha.

Kimya.

"Umeona?" Seremala alijipiga kifua. "Ufundi huo!"

Baada ya nusu saa ilikuja harufu ya sponji lililoungua. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Mchoraji alifungua sanduku. Hewa ya moto ilimpiga usoni, akapiga kelele.

Jirani yao alikuja mbio. Alitengeneza majokofu, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Friji. Aligusa sanduku, akatikisa kichwa.

"Shemeji, mgonjwa ana homa, wewe umemfunika blanketi?"

"Nilitaka kuondoa kelele," Seremala alisema kwa sauti ndogo.

"Umeificha tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ngoja ipoe, tuone kama iko hai."

Walisubiri. Mchoraji hakuweza kukaa. Alienda kumtazama Mzee, akarudi, akaenda tena. Mwishowe waliiwasha. Ilikuwa hai.

Mama Friji aliizima tena, akachomoa waya wa umeme. Aligusa chuma cha kasha la kompyuta ili umeme wa mwilini usiharibu kitu. Akaonyesha kipande kirefu ndani.

"Hii ni kadi ya picha. Ndiyo inayochora, na ikichora inachemka. Kiwandani wameifunga vibati vyembamba na feni moja ndogo. Vibati hunyonya joto, feni hulipeperusha."

"Kwa nini inapiga kelele hivyo?" Mchoraji aliuliza.

"Feni ndogo inasukuma hewa kidogo. Ili itoshe, lazima izunguke kwa kasi sana. Kasi ndiyo kelele. Ukiipunguza, kadi inaungua. Ukiifungia, inavuta hewa yake yenyewe ya moto."

"Basi kelele hatuziepuki?"

"Twende hatua kwa hatua, mdogo wangu. Kwanza vumbi."

Waliisafisha kwa brashi laini. Mchoraji akaijaribu bila sanduku. Kabla, joto la kadi lilifika nyuzi tisini na tatu. Sasa lilifika themanini na nane. Kelele ilipungua kidogo tu.

"Hapo vumbi limefanya lake," Mama Friji alisema. "Kilichobaki ni kubadili kipoozaji, yaani hivyo vibati na feni yake. Vipo vinavyouzwa peke yake. Vibati vingi vinene, feni mbili kubwa. Feni kubwa inazunguka taratibu na hewa inatosha. Lakini usinunue kwa macho. Pima matundu ya skrubu, yalingane. Pima nafasi ndani ya kasha. Na ukifungua kadi, dhamana ya kiwanda huweza kufutwa."

"Dhamana yangu iliisha mwaka jana."

"Basi pima."

Mchoraji alipima mara tatu. Alhamisi alikwenda dukani na vipimo mkononi. Ijumaa asubuhi kazi ilianza. Dada mtu alikuwa ameshapiga simu: gari ameshapata.

Mama Friji alitoa kipoozaji cha zamani. Alifuta kwa spiriti pesti ya joto iliyokauka juu ya kadi. Akaweka tone jipya, dogo kama punje ya dengu.

"Ongeza kidogo," Seremala alisema.

"Shemeji, hii si gundi ya mbao. Pesti inaziba mianya tu ili joto lipite."

Alikaza skrubu kwa zamu, kidogo hapa, kidogo kule, ili kipoozaji kikae sawa. Kisha wakawasha. Mchoraji akaanzisha picha. Sitini. Nyuzi sitini na tatu. Ghafla kioo kikajaa madoa ya kijani.

"Zima!" Mama Friji alipaza sauti. "Chomoa!"

Mchoraji alichomoa waya. Aliona Jumamosi imeshafika. Mama Friji alichukua kipoozaji cha zamani, akakigeuza. Pembeni kulikuwa na kipande laini kama raba, kimeng'ang'ania.

"Kosa langu," alisema. "Hiki hukaa juu ya kumbukumbu ya kadi, vile vipande vinavyohifadhi picha, nacho hupitisha joto. Nimekisahau, kumbukumbu imebaki uchi. Fundi akikosea aseme."

Aliweka kipande kipya kilichokuja na kipoozaji, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimechanika. Wakafunga. Wakawasha. Mchoraji akasoma nyuzi. Sitini. Sitini na tano. Sitini na sita. Joto likasimama hapo. Picha ikawa safi.

Seremala aliinama, akaweka sikio kwenye kasha. "Inafanya kazi kweli hii?"

"Weka mkono nyuma," alisema Mama Friji.

Hewa vuguvugu ilitoka polepole. Seremala akaangua kicheko. Mama Friji akawaambia wapanguse vumbi kila mwezi na wasisogeze kompyuta ukutani. Hapo ndipo Mchoraji alipoinua mkono.

"Nyamazeni."

Kutoka chumba cha pili ilikuja sauti. Ilikuwa nyembamba, yenye kukwama. Ilirudia neno moja, ikapumzika, ikarudia.

"Ma... ji. Ma... ji."

Walikimbilia mlangoni. Mzee alikuwa ameketi kitandani, jasho usoni.

"Baba, unasema!" Seremala alipiga magoti. "Umeanza lini?"

Mzee alivuta pumzi. Maneno yalitoka moja moja.

"Siku... nyingi. Mchana... nimeita... nimeita."

Mchoraji alifunika uso, akalia waziwazi. Seremala alileta maji mwenyewe, akamshikia baba yake kikombe mpaka akamaliza. Kisha akampigia dada yake.

"Njoo kesho kama kawaida," alisema. "Lakini njoo kumsalimia tu. Baba haendi popote."