Chumba Ambacho Benigna Hakukipima

Mwaka ule wa 1993 kompyuta ya mradi, pale Bukoba mjini, ilisifiwa kwa jambo moja: ukiacha kipimo cha nyumba wazi, inakijaza yenyewe kwa kufuata nyumba za jirani, halafu inachora. Nyumba zilikuwa za familia zilizopukutishwa na Ukimwi. Mradi ulitaka kuzikarabati.

"Dada Benigna," Zahoro, mwendesha kompyuta, alimwita mpimaji wa nyumba bila utani wake wa kila siku. "Hii nyumba ya kijijini Kanazi. Chumba cha ndani hukukipima?"

"Nilikiacha. Si inajaza yenyewe?"

"Imejaza. Ukuta, mlango, dirisha. Lakini inajaza kuta, dada, haijazi watu. Mbona imeandika aliyemo ni mmoja?"

Akafuta. Moja ikarudi. Akafuta tena, ikarudi, na pale ofisini, penye sakafu ya saruji, pakaanza kunuka nyasi mbichi, zile wanazotandika sakafuni huko vijijini mgeni anapotarajiwa.

Benigna aliinamisha uso. Nyumba ile ilikuwa ya Kokuhirwa, dada yake wa tumbo moja. Mwezi uliopita Benigna alisimama kizingitini, futi kamba mkononi, akasikia sauti kavu kutoka chumba cha ndani: "Benigna? Ingia, nimekutandikia nyasi." Hakuingia. Yeye, aliyezunguka vijiji akihubiri kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kukaa pamoja! Kwenye fomu akaandika: hamna mtu. Kwa maneno hayo mawili, wagawa uji na dawa, waliofuata fomu zile, wakaipita ile nyumba. Siku ya tisa Kokuhirwa akazikwa migombani, na msibani Benigna akalia kuwashinda wote.

Zahoro alimleta Maalimu Saburi, msomaji wa dua za kufukuza mizimu. Mzee akasoma mpaka kanzu ikalowa jasho, kisha akafunga kitabu.

"Huyu simfukuzi, binti yangu. Anadai chumba chake hakijapimwa. Nenda ukaingie."

Akaenda mchana kweupe. Akavuka kizingiti, akapita sebule tupu, akausukuma mlango wa ndani, na mle, katika nyumba iliyofungwa tangu msiba, nyasi zilikuwa zimetandikwa upya, mbichi, zina umande, akaikunjua futi kamba apime, ncha yake ikamponyoka, lakini haikuanguka, ikakaza hewani, ikavutwa polepole, polepole, kuelekea kwenye giza la ukutani.

"Dada," alinong'ona, "nisamehe."

"Soma kipimo," sauti kavu ikamjibu. "Na leo usikiache wazi."